Mifupa ya Blanketi

Mama mkwe wa mjukuu wangu tulimpa jina la Mama Nimemaliza, na sidhani kama tulimwonea. Mkikaa kuchambua mchele, wewe hujajiweka sawa kwenye kigoda, yeye ameshasema nimemaliza, na mawe yamo. Akifagia, amemaliza, na takataka ziko nyuma ya mlango. Hata msibani humaliza kulia kabla wenye msiba hawajaanza, halafu anauliza maji ya kunawa yako wapi.

Kwa hiyo alipokuja kwangu kabla ya harusi ya vijana wetu, akasema nimfundishe kushona blanketi la viraka vya pembe sita, akilipa kila neno uzito kama mtu anayetoa mahari, nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Anataka kuwapa maharusi blanketi la mkono wake, watu walione.

Kazi ile si ya mtu mwenye haraka. Kiraka kimoja ni kidogo, mdomo wa kikombe unakifunika. Unakata karatasi ngumu yenye pembe sita, unaweka kitambaa juu yake, unakunja kingo kwa nyuma na kupiga bandi, mshono wa muda, ili kitulie. Kisha unaunganisha kiraka na kiraka, ukingo kwa ukingo, kwa mishono midogo midogo. Kiraka kimoja katikati, sita vikikizunguka, umepata ua. Maua yakiungana umepata blanketi, ukijaliwa uhai.

"Hiyo tu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hiyo tu, mkwe."

"Kumbe! Mnavyojisifu nilidhani mnaunda ndege."

Nikamkabidhi mkasi. Mimi nimelea watoto, nimelea na wajukuu, nimezoea kusubiri mtu aone mwenyewe.

Alileta magauni ya zamani, mashati ya marehemu mume wake, na furushi la kalenda za ukutani zilizopitwa na wakati, karatasi nene zinazong'aa, ambazo ukizikunja zinakukunjia uso. Nilimwambia karatasi ya daftari inatosha. Akasema yeye hafanyi kitu legelege. Alikaa sebuleni kwangu mchana baada ya mchana, akishona kwa mishono mirefu kama hatua za askari, na nikimwonyesha mshono mfupi anasema, "Huo wa kwako ni wa watu wasio na kazi nyingine."

Siku alipounganisha ua la mwisho nikamwambia, "Kesho njoo nikuonyeshe habari ya karatasi."

"Karatasi nazijua, Bibi. Nimezikata mwenyewe."

"Si kuzikata. Kuna jambo la..."

Alikuwa ameshasimama, ameshafunga furushi. "Bibi, nimemaliza. Mungu akuweke."

Akaondoka na kwenda kutandika pamba, akaweka kitambaa cha chini, akashonea tabaka zote kwa pamoja, yote hayo nyumbani kwake, bila kumuuliza mtu. Sasa, nani asiyejua kwamba karatasi ni ya kushikilia umbo tu, na kiraka kikishazungukwa na wenzake pande zote unakata bandi na kuichomoa? Asiyejua ni yule aliyeondoka kabla ya kuambiwa.

Siku ya harusi alilikunjua mbele za watu. Lilipofunguka lilitoa mlio kama ng'ombe amepita shamba la mahindi makavu. Watu wakadhani ni wanga aliopigia pasi. Wakapiga vigelegele. Mimi peke yangu nilishika kidevu. Vigelegele vilipotulia nikamvuta pembeni.

"Mkwe, karatasi ulizitoa?"

"Nizitoe nizipeleke wapi? Karatasi ndiyo mifupa yake. Kuku ukimtoa mifupa anasimama?"

"Blanketi halisimami, mkwe. Linalala."

"La kwako linalala kwa sababu limekufa," akasema, na akarudi kupokea pongezi.

Maharusi walikaa kwake. Kijana ni fundi wa friji, mtu mpole, maneno yake ni ya kukopa. Mjukuu wangu ni msusi. Maneno anayo, ila kwa mama mkwe aliyameza kama mgeni yeyote anavyofanya. Walipewa nusu ya chumba kikubwa. Nasema nusu, maana kilikuwa chumba kimoja, na Mama Nimemaliza alimwita seremala akakigawa kwa plaiwudi nyembamba, ile ambayo ukipigia msumari upande huu, upande ule anachubuka mtu. Upande wa pili akalala yeye.

Haukupita muda mjukuu wangu akaja kwangu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nilikuwa nimekaa dirishani natia uzi.

"Bibi, lile blanketi linaongea."

"Linasemaje?"

"Usinicheke. Nikigeuka, chakara. Akigeuka yeye, chakara chakara. Nikikuna mguu, chakara. Sasa tunalala kama maiti, Bibi, mmoja huku mmoja kule, mikono kifuani. Na asubuhi mama ananiuliza mezani, mbele ya uji, 'Jana mlikuwa mnatafuta nini?'"

Sindano iliniponyoka. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaahirisha.

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema tusimuudhi mama."

"Lifungie kabatini."

"Nililifungia. Akalitoa. Akasema kama zawadi yake inanuka nimwambie. Na haya ni majira ya baridi, shuka peke yake haitoshi. Bibi, mimi nimeolewa, au nimewekwa kwenye mzani? Nitaishi miaka mingapi na mtu ambaye hawezi kunishika mkono bila nyumba nzima kupata taarifa?"

Hapo kicheko kilikwisha kabisa. Msichana alikuwa na ndoa yenye umri wa miezi, na tayari kitanda kilikuwa mahali pa kuogopa. Nikaona yule mpole atazoea kulala kama gogo, na huyu naye atazoea, na wakishazoea hakuna fundi wa kuwatengeneza.

Nilimfuata mama mkwe nikajaribu kwa adabu. Nilimkuta kibarazani amezungukwa na wanawake, kila mmoja na mkasi na kalenda. Amefungua darasa! Mke wa mwoka mikate, dada wa fundi viatu, na wengine wawili wa mtaa wa nyuma, wote wanakata pembe sita.

"Karibu Bibi, karibu uone wanafunzi."

"Mkwe, nilikuwa na neno kuhusu karatasi."

"Sawa kabisa, hapo hapo ndipo tulipo." Akawageukia. "Bibi huyu ni mtu wa zamani. Yeye ndiye aliyenianzisha, namheshimu. Ila wao zamani walikuwa wanatoa karatasi. Ndiyo maana mablanketi yao yanalegea kama matambara ya jikoni. Sikilizeni." Akalitikisa la mfano. Chakarachakara. "Mnasikia? Ubora huo. Lisiloongea ni la bandia."

Mke wa mwoka mikate akanitazama kwa huruma. "Pole, Bibi," akasema.

Nikarudi nyumbani na pole yangu. Baada ya wiki chache mtaa mzima ulikuwa unachakarisha. Kwa mwoka mikate paka alilala uvunguni akidhani kuna panya, akakataa kutoka hadi akavutwa kwa mkia. Dada wa fundi viatu alimfunika mgonjwa wake, mgonjwa akaomba arudishwe zahanati akapumzike. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alisema la kwake ndilo linaloongea zaidi.

Basi nikaamua kufanya ninachokijua. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mama mkwe wako anaingia darasani alasiri?"

"Kila alasiri, hapo kibarazani kwa mke wa mwoka mikate. Wamehamia kule, kuna kivuli."

"Vizuri. Mwambie kwamba bibi yako anakuja kukufundisha kutunza nyumba."

Nikawa naenda. Nilibeba kikapu chenye mkasi mdogo, sindano, uzi, na kastabani yangu ya chuma, kile kikofia cha kidoleni kinachozuia sindano isikutoboe. Tulifunga mlango, tukalipindua blanketi kitandani, nikafumua ukingo upande wa miguuni, nikaukata ule mshono wake wa askari mstari kwa mstari, nikakunja kitambaa cha chini na pamba pembeni. Migongo ya viraka ikatutazama. Ndani ya kila mmoja kulikuwa na kalenda: nusu ya maporomoko ya maji, sikio la farasi, tabasamu la mtu ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye kiraka kingine.

"Bibi, huyu jamaa ananichekea," mjukuu wangu alisema.

"Amekuwa akikuchekea muda wote. Kata bandi, mvute."

Karatasi ilitoka kwa mlio wake wa mwisho. Kiraka kikalegea, kikawa kitambaa tena. Tukatoa, tukatoa, kisha nikarudisha pamba na kushonea upya, mshono mfupi, wa watu wasio na kazi nyingine. Alasiri moja inamaliza kipande cha upana wa mkeka wa mtoto, basi. Kabla ya mama mkwe kurudi tulikuwa tumeshatandika, na mimi niko jikoni namwagiza mjukuu kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Zile karatasi tuliziweka kwenye mfuko jikoni. Siku moja Mama Nimemaliza akaziona, akachota konzi na kuwashia jiko.

"Zinawaka vizuri hizi. Mmezipata wapi?"

"Bibi kaleta," akasema mjukuu wangu, ameinamia ndoo.

"Asante Bibi. Angalau leo umeleta kitu cha maana."

Kazi ilianzia miguuni ikapanda. Na kelele zikapungua hivyo hivyo, kwanza mvua kubwa, kisha rasharasha, kisha matone. Mjukuu wangu alianza kunenepa usoni. Mume wake siku moja alinipokea mlangoni, akanibebea kikapu, akasema, "Bibi, shikamoo, asante sana," maneno mengi kuliko niliyowahi kusikia kwake kwa mkupuo. Nikaelewa kwamba anajua, na kwamba amelala vizuri.

Mama mkwe alikuwa akichungulia kutoka mlangoni kila asubuhi, analiona blanketi limetandikwa, anaridhika. Alilitazama tu. Kuligusa alikuwa ameshamaliza.

Lakini kuna jambo halikumkalia sawa. Alianza kumchemshia mwanawe supu ya mifupa. Kisha mayai mawili kila asubuhi, na karanga mbichi kwenye kisosi, na kikombe cha mizizi chungu aliyoitoa kwa mtu anayeuza kando ya stendi. Kijana alikunywa, akakunja uso, akaenda kwenye friji zake.

"Mnaongea vizuri na mwenzako?" akamuuliza mjukuu wangu.

"Vizuri, mama."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu, mama."

"Hm," akasema, na kesho yake supu ikaongezwa.

Siku tulipochomoa karatasi ya mwisho, ya upande wa kichwani, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kikao kilikuwa kinaitishwa. Akatuma watu. Akaja shemeji yake, baba mdogo wa yule kijana, dereva mstaafu wa malori, mtu mzito anayekaa kwenye kiti kama anakiendesha. Nikaitwa mimi upande wa bibi harusi. Wawili wenyewe wakawekwa kwenye benchi kama washtakiwa. Ilikuwa Jumapili mchana, tumekaa sebuleni, milango imefungwa ili majirani wasisikie, kwa hiyo majirani wakasogea dirishani.

"Tumeitika," akasema baba mdogo. "Shemeji, tuambie kulikoni."

Mama Nimemaliza akajifuta jicho lililokuwa kavu. "Watoto hawa wamegombana."

Kijana akainua kichwa. "Hatujagombana, mama."

"Mmegombana na mnanificha. Mimi ni mzazi, najua."

"Mimi nimewakuta jikoni wanamwagiana maji," akasema baba mdogo. "Hao ndio waliogombana?"

"Hayo ni ya jikoni. Mimi nasema ya chumbani. Kuna ukimya."

"Chumbani kukiwa kimya si ndiyo watu wamelala?"

"Shemeji, hukuwepo. Zamani kulikuwa kunasikika. Nilikuwa nalala na amani. Najua mwanangu ana mke, mke ana mume. Kisha ikaanza kupungua, kidogo kidogo, mimi nahesabu, najiambia labda ni uchovu. Jumamosi kwa mfano, Jumamosi wao walikuwa wanaanza..."

"Shemeji," akasema baba mdogo, "hapo hapo weka breki."

Mjukuu wangu alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Nje ya dirisha mtu alikohoa, na mwingine akamwambia, "Nyamaza, tunasikiliza."

"Niweke breki gani? Siku nne sasa hakuna hata chakara! Nimempa supu, nimempa mayai, nimempa mizizi. Kama kuna tatizo tuambiwe, tutafute tiba."

Kijana alikuwa bado anamtazama mama yake. Nilimwona akipiga hesabu taratibu, kama anapotafuta gesi inavujia wapi.

"Mama," akasema, "kwani ulikuwa unatusikiliza?"

"Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia. Ukuta ni ukuta."

"Kitanda chako kilikuwa dirishani."

"Eh?"

"Tulipohamia, kitanda chako kilikuwa dirishani. Mimi mwenyewe nilikubebea. Leo asubuhi nimeingia kukubadilishia balbu, nimekikuta kimeegemezwa kwenye plaiwudi. Mto uko upande wetu."

Mama Nimemaliza akafungua mdomo. "Dirishani kulikuwa na upepo," akasema.

"Na upepo huu unavuma tangu lini?" akauliza baba mdogo.

Aliinuka kwa kishindo, akaingia chumbani kwa watoto bila hodi, akatoka na blanketi mikononi. "Tusibabaishane. Hili hapa, lilikuwa zima. Sikilizeni." Akalitikisa.

Halikusema kitu. Lilianguka magotini kwake laini, kama mtoto aliyeshiba. Akalitikisa tena kwa nguvu. Akaliweka sikioni. Akalifinya hapa, akalifinya pale, akaligeuza mgongo, na hapo akauona mshono.

"Nani amelifanya hivi?"

"Mimi, mkwe," nikasema. "Siku ile uliponiaga nilikuwa bado sijafika kwenye habari ya karatasi. Nikaona nije nimalizie."

"Umetoa mifupa!"

"Nimetoa kalenda."

"Nyumbani kwangu! Kwa mlango wangu! Unanichekea, unakunywa chai yangu, kumbe unalichinja blanketi!"

"Na chai uliipika kwa hizo hizo karatasi," akasema baba mdogo, ambaye alikuwa ameshaambiwa habari yote na mjukuu wangu jikoni, na sasa mabega yalikuwa yanamcheza. Alishindwa. Akacheka hadi kiti kikalia. Dirishani nako wakashindwa.

Kijana peke yake hakucheka. Alisimama, akamnyang'anya mama yake blanketi kwa upole, akalikunja vizuri, akampa mke wake.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Karakana yangu ina chumba nyuma. Kina ukuta wa tofali. Tunahama leo."

"Leo? Kwa ajili ya blanketi?"

"Kwa ajili ya kitanda chako."

"Mwanangu, nitakirudisha dirishani."

"Kirudishe, mama. Utapata upepo."

Sikuwahi kufikiri yule mpole ana meno. Walihama jioni ile ile kwa mkokoteni: godoro, sufuria, kioo cha kusukia, na lile blanketi juu kabisa, mtaa mzima umetoka kulitazama likipita bila neno. Mama Nimemaliza alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nilipomuaga aliniitikia, lazima niseme ukweli, kwa sauti ambayo ingegandisha maji kuliko friji zote za mwanawe.

Nilidhani atafunga darasa. Sivyo. Wiki iliyofuata nilipita kwa mwoka mikate kununua mkate, nikawakuta kibarazani, wameongezeka. Mke wa mwoka mikate alikuwa ameshika mkasi juu ya bandi, anasitasita. Nadhani na yeye alikuwa amechoka, na paka wake pia.

"Mwalimu," akauliza, "hivi mtu akizitoa hizi karatasi, kuna ubaya gani?"

Mama Nimemaliza aliniona. Hakunisalimu. Aliweka sindano chini, akawatazama wanafunzi wake mmoja mmoja, kama mtu aliyeyaona kwa macho.

"Mimi walinitolea," akasema. "Wiki haikupita, mwanangu akahama."

Wanawake wakaguna kwa masikitiko. Mke wa mwoka mikate akaweka mkasi pembeni haraka, akaongeza bandi nyingine juu ya ile ya kwanza, kwa usalama.